Ardis Kjelden na Muswada Namba 1187

Ardis Marie Kjelden alifariki dunia Jumatano tarehe 5 Februari 2025, saa kumi na moja na nusu alfajiri, nyumbani kwake Pierre, Dakota Kusini, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu.

Marehemu alizaliwa Ijumaa tarehe 9 Novemba 1951, katika shamba la wazazi wake kaskazini ya Faulkton, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa Nels na Inga Rostad, wakulima wa ngano na wafugaji wa ng'ombe. Baba yake alikuwa na desturi ya kusoma gazeti kwa sauti wakati wa chakula cha jioni, hasa miezi ya baridi, baraza la kutunga sheria la jimbo linapokaa, na hakuna aliyeruhusiwa kuomba viazi kabla habari za baraza hazijaisha, jambo ambalo ndugu zake wanasema liliwafundisha kula haraka, na yeye likamfundisha kusikiliza.

Alianza masomo mwaka 1957 katika shule ya chumba kimoja karibu na shamba lao, akaendelea na sekondari ya Faulkton aliyohitimu Mei 1969, kisha akajiunga na chuo huko Aberdeen, ambako alipata shahada ya ualimu mwaka 1973. Agosti ya mwaka huo alianza kufundisha darasa la tatu katika mji wa Gettysburg, na alifanya kazi hiyo kwa miaka kumi na mmoja.

Tarehe 14 Juni 1975 alifunga ndoa na Orrin Kjelden, fundi wa mitambo katika bwawa la Oahe, ndoa iliyofungwa katika kanisa la Kilutheri la Faulkton na kudumu hadi Orrin alipofariki tarehe 19 Oktoba 2016. Walijaliwa watoto wawili, Karna aliyezaliwa 1977, na Dale aliyezaliwa 1980, na wajukuu wanne. Mwaka 1984 familia ilihamia Pierre ili Orrin awe karibu na bwawa.

Januari 1987 marehemu aliajiriwa na Muungano wa Watoto na Jamaa, chama kidogo cha makanisa na walimu kilichokuwa na ofisi juu ya duka la viatu, na kazi aliyopewa ndiyo aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2019. Kila baraza lilipokaa, kuanzia Januari hadi Machi, alisoma miswada yote iliyoletwa, akatenga ile inayogusa watoto na familia, iwe ya mabasi ya shule, chanjo, matunzo baada ya talaka au malezi ya yatima, akaifuata kutoka kamati hadi kamati, na kuwapigia simu wanaohusika kuwaambia siku, chumba, na kama inafaa kuunga mkono au kupinga. Waliokuja kujifunza kazi kwake aliwaambia, "Muswada ni ndama kwenye dhoruba. Ukimpa kisogo, humkuti ulipomwacha."

Yeye mwenyewe alimpa kisogo mara moja, mwaka 2003, na kwa kuwa alikuwa akilisimulia jambo hilo kila mwaka mbele ya wageni, familia haioni sababu ya kuliruka leo.

Katika mji wa Hoven aliishi mjane aitwaye Leota Weisser, aliyekuwa na umri wa miaka sitini na mitano, akilea wajukuu watatu, watoto wa binti yake, Travis wa miaka kumi na minne, dada yake Shelby wa miaka tisa, na mdogo wao wa kiume, Cody, wa miaka minne. Kanuni ya wakati huo ilitaka mtoto wa kike na wa kiume wasilale chumba kimoja, wala mtoto asilale na mtu mzima, hata kwa bibi yao, na nyumba ya Leota ilikuwa na vyumba viwili vya kulala, kwa hiyo mahakama ilikuwa imempa hadi tarehe 31 Machi kutimiza kanuni, la sivyo watoto wapelekwe kwa walezi wengine. Muswada Namba 1187 uliletwa katika bunge la chini ili ndugu wa damu wasibanwe na kanuni hiyo, na mwingine wenye maneno yaleyale uliletwa katika Seneti, lakini kamati ya Seneti iliona hakuna haja ya miwili, ikaupeleka wa kwake siku ya arobaini na moja. Baraza lilikuwa na siku arobaini tu, na kupeleka muswada siku ya arobaini na moja ndiyo namna ya huku ya kuuzika kwa adabu.

Jumatano tarehe 5 Februari marehemu alimpigia simu Leota, akamwambia aje Pierre kesho yake kwenye kikao cha kamati ya bunge la chini, akiitwa aseme anaunga mkono, na asiseme mengi. Leota alimuuliza kama avae gauni la kanisani, akajibiwa, "Vaa viatu vya theluji, mama, gauni hawataliona."

Asubuhi ya Alhamisi tarehe 6 Februari, kikao kikianza, mbunge aliyeuleta muswada aligawa marekebisho. Jambo lililofanyika watu wa baraza huku huliita banda la nguruwe, yaani maneno yote ya muswada hufutwa na mengine huwekwa chini ya namba ileile. Muswada mpya haukuwalegezea ndugu kanuni, uliwakazia, ukawataka wapate leseni kamili ya ulezi ndani ya siku thelathini. Marehemu aliipokea karatasi hiyo, akaona ni namba yake, akaona imetoka kwa mtu wake, akaikunja na kuiweka chini ya kikombe cha kahawa bila kuisoma. Leota alipoitwa alisimama, akataja jina lake na mji wake, akasema anaunga mkono muswada kama ulivyo. Kamati iliupitisha.

Walikuwa ukumbini wakivaa makoti wakati marehemu alipoisoma ile karatasi, na Leota alimtazama usoni akauliza, "Ardis, mdogo wangu, nimeunga mkono nini?"

Marehemu alimwambia. Leota alifunga vifungo vyote vya koti, kimoja baada ya kingine, kisha akasema, "Nimeendesha gari barabara ya barafu kuja kujifunga kamba mwenyewe. Ningelala nyumbani, wangenifunga bure."

Marehemu alimfuata yule mbunge kwenye ngazi, naye akamwambia asikasirike, nyumba ni ileile, yeye amebadilisha samani tu.

"Samani ungeniachia," marehemu alimjibu. "Umewatoa wenye nyumba."

Ilibaki njia moja. Taratibu za baraza zinaruhusu theluthi ya wajumbe wakisimama kwa pamoja kuulazimisha muswada uliozikwa utoke kamatini, na wenyewe husema wanaufukiza moshi, kama mnyama aliyejificha shimoni. Katika Seneti theluthi ni watu kumi na wawili. Washawishi, yaani watu wa kazi kama yake, hawaruhusiwi kuingia ndani ya ukumbi, kwa hiyo kwa wiki mbili marehemu alisimama kwenye korido nje ya mlango wa Seneti, akiongea na kila aliyeingia na aliyetoka. Seneta mmoja, mfugaji, alimsimamisha mbele ya wenzake.

"Bi Ardis, juzi ulituletea bibi wa watu aseme ule muswada mzuri. Leo unasema mbaya, mzuri ni huu. Sasa tukuamini yupi, wewe wa juzi au wewe wa leo?"

"Wa leo," marehemu alisema. "Wa juzi hakusoma."

"Miaka kumi na sita kazini, na hukusoma?"

"Ningekuwa mgeni ningesoma."

Waliokuwapo wanasema mfugaji yule alicheka, akasema hata yeye ng'ombe aliyemkanyaga mguu alikuwa wake mwenyewe aliyemlea kwa chupa, akaingia ndani bila kuahidi kitu.

Alhamisi tarehe 20 Februari ombi la kufukiza moshi lilitolewa, na waliosimama walikuwa kumi na mmoja, mfugaji akiwa mmojawao. Mwenyekiti alikuwa ameshainua nyundo wakati seneta mzee wa kaunti za magharibi, ambaye nyonga yake ilikuwa imefanyiwa upasuaji msimu wa mavuno, aliposema kutoka kitini, "Mheshimiwa, mimi nimeshasimama, ni mwili tu haujafika." Mwenyekiti alisubiri. Muswada ulitoka, ukapita Seneti na bunge la chini, na gavana akautia saini. Ule Namba 1187 uliangushwa katika Seneti wiki iliyofuata. Hata hivyo, ili sheria ianze kutumika papo hapo zilihitajika kura za theluthi mbili, nazo zilipungua mbili, kwa hiyo ilipangwa ianze tarehe 1 Julai.

Mwishoni mwa Machi Leota alirudi mahakamani kuomba muda hadi Julai. Wakili wa upande wa pili alisoma kumbukumbu za kamati ya tarehe 6 Februari, kwamba bibi huyu mwenyewe, kwa hiari yake, alisimama kuunga mkono masharti makali zaidi. Marehemu alitoa ushahidi kwamba kosa lilikuwa lake, hakimu akamshukuru, akakataa ombi. Jumatatu tarehe 31 Machi Travis alipelekwa Rapid City, Shelby na Cody wakapelekwa Watertown. Walirudi Hoven tarehe 9 Julai, na Cody alilala na viatu miguuni hadi Agosti.

Tangu siku hiyo Leota hakuzungumza na marehemu kwa miaka tisa. Marehemu hakumlaumu, hakumtumia salamu kwa watu, na kila Desemba aliendesha gari hadi Hoven, akaacha mkate mtamu wa jibini mlangoni, akarudi. Desemba 2012 mlango ulifunguliwa, na maneno ya kwanza ya Leota yalikuwa, "Huu mkate wako una sukari nyingi, miaka yote hii nawapa kuku." Marehemu aliingia ndani, wakanywa kahawa.

Kuanzia 2003 hadi alipostaafu, marehemu hakumwambia mtu yeyote aunge mkono au apinge kabla ya kumsomea maneno ya muswada kama yalivyo asubuhi ya siku hiyo, jambo lililowachelewesha wengi na kuwaudhi baadhi.

Septemba 2024 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa Pierre na baadaye Sioux Falls, na mwezi Desemba aliomba kurudi nyumbani. Jumatatu tarehe 3 Februari Karna alikuwa akimsomea kitandani muswada wa mwaka huu kuhusu ndugu wanaolea watoto. Marehemu aliuliza, "Hayo ni maneno ya leo?" Karna akasema ni ya Ijumaa. "Basi mwanangu hujanisomea kitu," alisema, akafumba macho. Hakuzungumza tena kwa kueleweka, na alfajiri ya Jumatano alikata roho, Karna na Dale wakiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali zote mbili, na muuguzi wa nyumbani aliyekuja hata siku barabara ilipofungwa, majirani waliokoroga supu na kuzoa theluji mlangoni bila kuombwa, wafanyakazi wenzake wa Muungano, makarani na walinzi wa jengo la baraza, na wajumbe wa vyama vyote viwili waliofika hapa leo. Inamshukuru Bi Leota Weisser, mwenye miaka themanini na saba, ambaye tangu Desemba alikuja kila Alhamisi kukaa na mgonjwa. Baada ya ibada kuna chakula ukumbini. Ardis, pumziko lako liwe la amani.

Habari ya mwisho iliyothibitishwa kabla ya ibada hii ni ya jana, Jumatatu tarehe 10 Februari. Saa nne asubuhi kamati ilisikiliza muswada aliokuwa akisomewa marehemu, na marekebisho yaligawiwa kikao kikianza. Shelby Weisser, aliyekuja kuunga mkono, aliomba yasomwe kwa sauti kwanza. Mwenyekiti aliyasoma, Shelby akasema anapinga.