Kwanza Udongo, Kisha Bomba: Miaka 34 ya Ramkhelawan Paswan

Leo, tarehe 31 Januari, Ramkhelawan Paswan anatundika bomba baada ya miaka 34 ya utumishi, raundi 68 za kupuliza dawa ya usubi, na barua saba za onyo. Faili linasema ana miaka sitini. Mama yake anasema hamsini na minane, na kwamba miwili ya ziada aliitunga mwalimu mkuu siku ya kumwandikisha shule. Serikali imemwamini mwalimu mkuu.

Anaondoka na ombi moja, na halijajibiwa: kitongoji cha Belwa kisipulizwe kabla ya sikukuu ya Holi. Mwaka huu Holi ni tarehe 4 Machi. Ratiba ya ofisi inapeleka bomba Belwa tarehe 20 Februari. Hapo kuna siku kumi na mbili. Asiyejua siku hizo zina ubaya gani, aendelee kusoma.

Tulianza pamoja kama vibarua wa msimu, yeye bombani, mimi nikichanganya dawa. Kalazaa, ugonjwa unaoenezwa na usubi, ilikuwa inavimbisha matumbo ya watu wa nyumba za udongo, na watu wa nyumba za matofali hawakuijua hata jina. Khelawan alipuliza kila kilichosimama. Aliwahi kupuliza zizi huku nyati wa maziwa yumo ndani. Tulimkuta yeye juu ya paa, amebaki na kandambili moja, akiendelea kutoa amri.

Kwa miaka kumi na moja ya kwanza alipuliza hivyo, na Belwa ikazidi kuugua. Mwaka wa kumi na moja nyumba 212 zilitoa wagonjwa 19. Ofisi iliandika sababu: "wananchi wakaidi." Mgonjwa wa kumi na tisa, mkazi halali wa Belwa, alikuwa Khelawan mwenyewe, wakati huo msimamizi wa upulizaji.

Alilazwa siku 28, bandama limevimba, na watu wakatoka vijiji vitatu kuja kumtazama kama sinema. "Bwana Dawa," walimwambia, "usubi wamekusahau cheo?"

Jirani yake, Bibi Sumitra Devi, ndiye aliyekuja na uji na ukweli. "Khelawan mwanangu," alisema, wodi nzima ikisikia, "kila mwaka unakuja wiki mbili kabla ya Holi, unaniachia ukuta una madoa meupe kama umenyewa na kuku. Wageni wangu wale chapati tamu za malpua huku wanatazama hayo? Ukiondoka tu, nakandika udongo na mavi ya ng'ombe juu yake, kama mwanamke yeyote mwenye heshima zake. Na anayeanza mtaa mzima ni mkeo."

Mkewe, Lalmuni, alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Hakukana. "Ulitaka mama yako akute ukuta mchafu sikukuu?" alimuuliza. "Halafu wewe hujawahi kuuliza."

Basi. Miaka kumi na moja dawa ya serikali ilikuwa imelala salama chini ya mavi ya ng'ombe, na usubi juu yake wakistarehe.

Aliporuhusiwa kwenda nyumbani, hakugombana na mtu. Raundi iliyofuata alirudi nyumba kwa nyumba akikwangua kuta kwa ukucha, mimi nikiandika. Nyumba 171 kati ya 212 zilikuwa zimekandikwa, kwa wastani siku ya tisa baada ya bomba. Toka hapo akapatana na kina mama: wao wakandike kwanza, Holi ipite, kuta zikauke, ndipo yeye aje, na wao wasiguse ukuta kwa miezi mitatu. Wagonjwa wakashuka kutoka 19 hadi saba, kisha watatu. Miaka minne hii ya mwisho hatujapata hata mmoja.

Kila Holi ilipochelewa, naye alichelewa kwa mujibu wa ratiba, na barua ikaja. Mwaka Belwa ilipofika sifuri, tuzo ilitolewa pia, ikapokewa na bwana mmoja mwenye suti ambaye hajawahi hata kuinusa dawa yenyewe. Wiki hiyohiyo Khelawan alipokea barua ya saba.

Kamati ya kuaga ilipendekeza shali, mwavuli na saa ya ukutani. Shali na mwavuli amekubali. Saa, amesema, apewe aliyepanga ratiba. Zawadi anayoitaka ni karatasi moja ya kuhamishia upulizaji wa Belwa tarehe 14 Machi, yenye saini ya daktari wetu mkuu. Daktari amesema, "Tutaangalia." Neno hilo limetamkwa katika vikao 41, nimehesabu mwenyewe, mimi mtunza stoo.

Kwa hiyo programu ya leo imepangwa hivi. Daktari ameketi safu ya mbele. Kulia kwake yuko Bibi Sumitra na karatasi, kushoto kwake Lalmuni na kalamu. Chakula ni baada ya saini. Mikate ya litti imeshaiva, na inapoa.

Asante, kaka Khelawan, kwa kukubali kuambiwa ukweli ukiwa umelala chali, na kwa watoto wa Belwa wanaokimbia leo wakiwa na matumbo ya kawaida. Mshukuru Lalmuni kwa niaba yetu, na mwaka huu umsaidie kukandika. Mikono sasa unayo. Tunakutakia maisha marefu na mema, kwa hesabu ya mama yako, na kuta zako zikauke mapema.