Historia ya Mwalimu Mguu na Daftari Alilonyang'anywa

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, nimepewa karatasi hii niisome kwa utulivu, na nitajitahidi.

Dada yetu, mliyemzoea kwa jina la Mwalimu Mguu, alizaliwa tarehe 4 Machi 1957, kifungua mimba wa fundi viatu na mshonaji, akahitimu chuo cha ualimu mwaka 1977, akaanza kufundisha Kiingereza katika shule iliyo nyuma ya karakana, ambako alikuta watoto wanaweka mkazo wa kila neno refu karibu na mwisho, kama tunavyosema lugha yetu, na mgeni akiwasikia haambulii kitu. Akawatoa darasani hadi uwanjani, akalikata neno vipande kwa chaki, responsibility hatua sita, re, spon, si, bil, i, ty, ya nne unakanyaga kwa kishindo, nyingine unapita kama kuna mtoto amelala.

Tarehe 12 Agosti 1981 aliolewa na shemeji yetu, fundi saa, wakajaliwa mabinti wawili, na mezani pao akaandika daftari la maneno mia tatu, kila silabi nzito akaichorea ndala yake mwenyewe, ile ya kamba iliyoshikizwa kwa msumari.

Mwaka 1993 alikuja Mkaguzi wa shule, akasema huo ni mchezo wa kitoto, akaondoka na daftari, na dada akahamishiwa stoo ya vitabu. Mwaka 1998 kitabu kikatoka, jina la Mkaguzi juu, ndani maneno yale yale na ndala ile ile, hata msumari hakuutoa. Jamani, hata mwizi wa kuku huficha manyoya.

Alianza kuugua figo Januari 2018, na wodini aliniomba jambo moja tu, jina lake liwekwe kwenye kitabu kile angali hai, nikamwendea Mkaguzi kwake, akaniambia nisimsumbue kwa mambo ya zamani. Dada alifariki Jumatano, tarehe 9 Oktoba 2019, saa nne asubuhi, akiwa bado anauliza kama nimejibiwa.

Wazee wamenikataza kuyasema haya hapa, sasa nikayaseme wapi? Mkaguzi yupo, amekaa mstari wa pili, na hatumfukuzi, maana msiba haufukuzi mtu, ila shada lake la maua hatulipokei mpaka atamke mbele yenu kitabu ni cha nani.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani waliolala nasi hapa, walimu wenzake, na wanafunzi wake waliobeba jeneza.

Pumzika kwa amani, dada, hasira tuachie sisi.