Marehemu Chimène Amisa, Mwenye Halali wa Twende

Chimène Amisa alizaliwa Kabambare tarehe 14 Agosti 1993, mtoto wa pili wa mama Régina. Hakuwa mtu wa kelele. Mwenzake darasani alipomwibia kalamu, hakulia, alingoja mpaka mwalimu aingie, ndipo akasema, "Mwalimu, muangalie mikono yake." Ilikuwa imejaa wino.

Alimaliza sekondari Kasongo mwaka 2012, akasomea kompyuta Bukavu. Aliporudi Kasongo alitengeneza Twende, programu ya kwenye mtandao inayomtafutia msafiri piki-piki ya kwenda Kabambare au Salamabila. Mwaka 2019 aliolewa na Chadrack, dereva wa kwanza kujiandikisha humo.

Mwaka 2022 aliingia Twende kwa telefone ya Raphaël, rafiki wa shule, ili amwonyeshe kazi yake. Kisha akatoka. Wiki haikuisha, jina lake la mwenye programu likafutwa, likawekwa la Raphaël. Kila alipolirudisha, lilifutwa tena. Alibadili neno la siri, bure. Salamabila madereva walimcheka: "Mwanamuke ndiye alitengeneza hii? Utuache, mama!" Kicheko hicho kilimuuma kuliko maradhi yaliyofuata.

Figo zilimlaza mwaka 2024. Akiwa kitandani aliipitia upya kazi yake, akaona mwizi alipopitia. Mtu akitoka, programu inapaswa kufuta kuki, ile alama inayobaki kwenye telefone ili asiulizwe neno la siri kila mara. Amri ya kufuta ilitaja njia, yaani mahali ndani ya programu, tofauti na ile ambayo kuki iliwekewa, basi kuki ikabaki, na Twende ikaendelea kumpokea Raphaël kama Chimène. Alisahihisha, lakini akamzuia mumewe asiipandishe mtandaoni.

"Muache avimbe kwanza," alisema. "Siku mutanizika atakuja na telefone yake, kuonyesha watu. Siku ile ndiyo utapandisha, na kuki zote zifutike."

Siku za mwizi ni arobaini. Chimène alifariki Kasongo tarehe 9 Februari 2025, bila kumsamehe, na familia haitamsamehe kwa niaba yake. Chadrack amepandisha kabla jeneza halijatoka nyumbani. Jina la mkewe limerudi mahali pake.

Ndugu Raphaël, umekaa mbele, tunakuona. Toa telefone, fungua Twende, uandike neno la siri la mwenye programu.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, Dieudonnée na Fadhili, pamoja na mama yake. Chimène apumzike kwa amani. Raphaël, tunangoja.