Tiyo ya Chini Ilikuwa Baridi

HYACINTHE: Alo? Garaji, Kalundu. Ni nani?

SÉVÈRE: Ni minye, shemeji. Sévère.

HYACINTHE: Sévère! Habari ya Luberizi? Sauti yako iko mbali.

SÉVÈRE: Niko Kiliba, ku buro ya pamba. Karani ameniachia simu kidogo, muzungu wake ametoka.

HYACINTHE: Kamio yako imeanza tena kukwama mu njia—

SÉVÈRE: Agathe amekufa.

[simu inakwaruza]

HYACINTHE: Agathe gani?

SÉVÈRE: Dada yako, shemeji. Bibi yangu. Nyoka alimuuma mu pamba asubuyi. Nilikuwa namuleta ku lopitali ya Uvira, apigwe sindano. Kamio ikachemka hapa Kiliba. Amefia mule ndani.

[kimya]

SÉVÈRE: Alo?

HYACINTHE: Niko.

SÉVÈRE: Nilizani imekatika.

HYACINTHE: Kamio... ilichemka namna gani?

SÉVÈRE: Shemeji, acha kamio—

HYACINTHE: Niambie kamio! Maneno ingine siwezi kuisikia sasa.

SÉVÈRE: Radiatere ilitoboka. Maji ilianza kuvuja Sange. Nikasimama, nikaziba.

HYACINTHE: Uliziba na sabuni?

SÉVÈRE: Sabuni hakukuwa. Nilitia unga ya muhogo mule ndani, kama tunafanyaka sisi madereva.

HYACINTHE: Ngapi?

SÉVÈRE: Kopo mbili.

HYACINTHE: Kopo mb— Wenzako wanatiaka kijiko, Sévère! Kijiko!

SÉVÈRE: Maji ilikuwa inaendelea kutoka. Naye alikuwa anatapika. Nikatia tena.

[simu inakwaruza]

HYACINTHE: Kisha?

SÉVÈRE: Ikaacha kuvuja. Nikajaza maji ya mutoni, tukaondoka. Nikamuambia, unaona, Agathe, tutafika. Alicheka kidogo. Kufika hapa Kiliba, mvuke ikafunika kioo yote.

HYACINTHE: Sikia. Iko vitu mbili tu. Pengine joint ya kichwa ya moteri, ile inazuiaka maji isiguse mafuta, iliungua. Pale maji inaingia mu mafuta, mafuta inakuwa nyeupe kama maziwa. Ao unga iliiva mule ndani, ikawa bukari, ikafunga njia ya maji. Pale tiyo ya juu, ile bomba inaleta maji ku radiatere, inaunguza, tiyo ya chini inabakia baridi. Uliangalia?

SÉVÈRE: Niliangalia. Nilikuwa nangoja ipoe, naye iko ananiangalia minye.

HYACINTHE: Mafuta?

SÉVÈRE: Nyeusi. Safi.

HYACINTHE: Tiyo ya chini?

SÉVÈRE: Shemeji...

HYACINTHE: Sévère. Ya chini?

SÉVÈRE: Baridi.

[chuma inaanguka chini, upande wa Hyacinthe]

SÉVÈRE: Sikupiga simu juu ya kamio, shemeji. Watu wa hapa wamemufunga mu ngobi, ile kitanda ya miti, wanamubeba ku mabega mupaka Kilibula, kwa mama yenu. Minye nataka kujua tu kama ni minye nilimuua.

HYACINTHE: Ni joint.

SÉVÈRE: Lakini umesema mafuta—

HYACINTHE: Fundi ni nani? Ni weye ao ni minye?

SÉVÈRE: Ni weye.

HYACINTHE: Basi ni joint. Ilikuwa imeisha tangu Luberizi. Hata bila unga musingefika.

SÉVÈRE: Nimeshika ile tiyo na mukono yangu, Hyacinthe.

HYACINTHE: Na minye nilimubeba ku mugongo, huyu Agathe, angali mutoto, mbele ajue kutembea! Niko na hasira na weye, sijui nitaiweka wapi. Lakini watoto yake wamebakia na weye tu. Nimesema joint.

SÉVÈRE: Sisikii kitu mu roho, shemeji. Hata kulia sijalia. Niko tu.

HYACINTHE: Itakuja. Usiikimbize.

SÉVÈRE: Karani ananivuta shati. Gari ya muzungu iko inaingia—

HYACINTHE: Enda, shika ngobi na weye, usitembee nyuma yao. Nachukua kinga, baiskeli yangu, nakuja kuwapokea mu njia. Sévère?

SÉVÈRE: Niko.

HYACINTHE: Mama akiuliza, unga usiitaje.

SÉVÈRE: Shem—

[simu inakatika]