Chungwa la Saba

Ndugu, jamaa, majirani na walimu wenzake mliofika, nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya shangazi yangu, ambaye wengi wenu mlimwita Mwalimu na watoto wa shule walimwita Jaribu Tena, na naomba mnivumilie nikitaja tarehe nyingi kuliko kawaida, kwa sababu aliyeniagiza kuandika karatasi hii ni yeye mwenyewe, tarehe 22 Februari mwaka huu, akiwa kitandani wodi namba nne, aliposema, "Andika wewe, usiache kitu na usiongeze kitu, na ukimaliza msomee kwanza mtu asiyenijua, uone kama anaelewa." Juzi nilimsomea mlinzi wa geti la hospitali, akasema ameelewa, ila akauliza kwa nini kuna habari nyingi hivi za machungwa.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumamosi, tarehe 9 Agosti 1969, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli alikofanya kazi babu yangu, na bibi alikuwa akisimulia kwamba alitoka king'ora cha saa sita mchana kikilia, ndiyo maana maisha yake yote hakuchelewa mahali.

Alianza darasa la kwanza Januari 1977, katika shule ambayo kitabu kimoja cha kusomea kilitumiwa na watoto wanne, wawili wakikaa upande huu wa meza na wawili upande ule, na kwa kuwa yeye alikuwa mdogo alisukumwa upande wa pili, akajifunza kusoma maandishi yakiwa kichwa chini miguu juu, jambo ambalo lilimsaidia sana baadaye kama mtakavyosikia. Alimaliza elimu ya msingi mwaka 1983, sekondari mwaka 1987, na chuo cha ualimu tarehe 30 Novemba 1990, akiwa wa pili katika hesabu, na aliyekuwa wa kwanza hatukuwahi kusikia mwisho wake.

Aliajiriwa tarehe 14 Januari 1991 kufundisha darasa la pili, akafundisha darasa hilo hilo kwa miaka ishirini na miwili katika shule mbili, mara nyingi akiwa na watoto tisini chumba kimoja, na alikuwa akirudi nyumbani anakaa ukingoni mwa kitanda na viatu miguuni kwa karibu nusu saa kabla ya kusema neno.

Alifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1994 na fundi redio, aliyekuja shuleni kutengeneza kipaza sauti kilichokuwa kikikoroma, na ambaye kwa maelezo yake mwenyewe alikitengeneza mara tatu ingawa kilipona mara ya kwanza. Walijaliwa watoto wawili, wa kiume aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1996, ambaye ni fundi umeme, na wa kike aliyezaliwa tarehe 20 Novemba 1999, ambaye ni mkunga, na mjukuu mmoja ambaye leo ameachwa kwa jirani kwa sababu bado ananyonya.

Tarehe 2 Septemba 2013 aliacha kufundisha darasani, akajiunga na ofisi inayotayarisha masomo ya kwenye vishikwambi vya shule, vyumba vitatu juu ya duka la vioo. Kazi yake ilikuwa kuandika kila somo kwanza kwenye karatasi, swali kwa swali, kuchagua picha, kurekodi sauti, kuwapa wataalamu wa programu, kisha kulijaribu na watoto halisi kabla halijachapishwa mtandaoni ili shule zilipakue. Siku ya kwanza alimuuliza mkurugenzi, "Mtoto akikosea, hiki kitu kinasema nini?" akasikilizishwa mlio kama wa lori linalorudi nyuma, akasema, "Huyo mtoto mmeshamfukuza." Wiki ile ile alirekodi sauti yake ikisema, "Jaribu tena, hesabu polepole," na kwa kuwa ofisini kulikuwa na kelele za kukata vioo alirekodia nyumbani, ndani ya kabati la nguo, blanketi mbili zikiwa zimetundikwa mlangoni na mumewe akiwa nje akiwanyamazisha watu. Sauti hiyo ndiyo iliyompa jina, maana alipokuwa akiingia darasa lolote na kusema tu hamjambo, watoto walikuwa wakigeukiana wakinong'ona, "Ndiye! Ndiye yule wa jaribu tena!"

Mimi nilimaliza chuo kikuu mwaka 2020, na tarehe 1 Februari 2021 niliajiriwa katika ofisi hiyo kama mhakiki wa masomo, baada ya shangazi kumwambia mkurugenzi, "Ana wasiwasi kupita kiasi, atatufaa."

Sasa nafika kwenye ukurasa ambao baba mkubwa, alipousoma jana, alinirudishia akisema, "Mwanangu, hapa ni msibani, si kikao cha kazi," nami nikamwambia kwamba nimeagizwa nisiache kitu, akasema, "Basi usisome haraka." Nitasoma polepole.

Ijumaa tarehe 7 Januari 2022 tulichapisha hesabu za darasa la kwanza, ili shule zikifunguliwa Jumatatu ziwe nazo, na katika swali la kumi na nne kulikuwa na picha ya machungwa saba, ambayo mtoto aliyahesabu na kubonyeza namba. Kwenye vishikwambi vikubwa tulivyokuwa tukitumia ofisini yalionekana yote saba, lakini kwenye vile vidogo ambavyo shule nyingi zilipewa, chungwa la saba liliangukia chini ya ukingo wa kioo, likabaki mstari mwembamba kama ukucha, hivyo mtoto aliyehesabu sita, kama alivyoona, aliambiwa kwa sauti ya shangazi ajaribu tena, ahesabu polepole.

Hatukujua kwa wiki tano na siku tano. Jumatano tarehe 16 Februari shangazi alitembelea shule moja yenye paa la bluu, akakaa mbele ya mtoto wa kike aliyekuwa akihesabu kwa ncha ya penseli, moja, mbili, mpaka sita, kisha akabonyeza saba bila kusita. Alimuuliza, "Umehesabu ngapi?" mtoto akasema sita. "Mbona umebonyeza saba?" Mtoto akamtazama kama mtu anayemwonea huruma mgeni, akasema, "Ni sita, ila yenyewe inataka saba." Darasa zima likacheka, mwalimu wao akasema, "Wameshakizoea hicho, Mwalimu," na shangazi, bila kukigeuza kile kishikwambi, akayahesabu machungwa yakiwa kichwa chini miguu juu, akapata sita.

Marekebisho yalichukua siku moja. Shule 118 zilikuwa na somo hilo, shule 71 zilikuwa na mtandao zikapakua toleo jipya ndani ya wiki mbili, na shule 47 hazikuwa na mtandao, zilikuwa zimeletewa somo kwa kadi mwezi Januari, hivyo kila kishikwambi kilipaswa kuingiziwa somo kwa kadi, dakika sita kila kimoja, vishikwambi arobaini kila shule. Mkurugenzi, ambaye yupo hapa na ameniruhusu kusema hivi, alishauri tusubiri toleo la mwaka unaofuata, akisema, "Ni chungwa moja tu," na alipoona uso wa shangazi akashauri kadi zitumwe kwa walimu wakuu. Shangazi alimjibu, "Kadi itarekebisha kishikwambi. Mtoto atarekebishwa na nani?" Akapewa siku ya Alhamisi.

Kwa hiyo kuanzia tarehe 3 Machi 2022, kila Alhamisi ambayo shule zilikuwa wazi na mwili wake ukamruhusu, alibeba kadi kumi kwenye kopo la peremende, akaenda shule moja, akaingiza somo, kisha akaomba waletwe watoto wote waliolisoma mwaka huo, hata walipokuwa wamefika darasa la pili na baadaye la tatu, akasimama mbele yao akasema maneno ambayo nimeyasikia mara nyingi mno kuweza kuyakosea, "Mlihesabu sita na mlikuwa sahihi, kishikwambi ndicho kilichokosea, na sauti iliyowaambia mjaribu tena ni yangu, naomba mnisamehe." Watoto wengine walikuwa wameshasahau. Mmoja alimwambia, "Hamna shida, Bibi, hata wewe jaribu tena," na shangazi akacheka njia nzima ya kurudi, kisha akakaa ukingoni mwa kitanda na viatu miguuni.

Shinikizo la damu liligundulika mwaka 2015, na tarehe 20 Juni 2022 daktari alimwambia kwamba figo zote mbili zimechoka, neno ambalo alilipokea vizuri, akasema, "Si peke yao." Tangu Septemba mwaka huo alikuwa akisafishwa damu mara mbili kwa wiki, naye akaomba iwe Jumanne na Ijumaa, ili Alhamisi ibaki. Nimemuuliza daktari mara mbili kama zile safari ndizo zilizomwua, na mara zote mbili amejibu kwamba hapana, na nalisema hapa kwa sababu najua si mimi peke yangu niliyekuwa nikijiuliza.

Kuna jambo moja ambalo wengi hapa hamlijui. Kabla somo halijachapishwa huwa kuna fomu ya ukaguzi, na mstari wa tisa wa fomu hiyo unasema, "Nimelijaribu kwenye kishikwambi kidogo." Jumatano tarehe 5 Januari 2022 nilikichukua kishikwambi kidogo, kikakataa kuwaka kwa sababu hakikuwa na chaji, nikakiweka mezani, nikajiambia mambo ni yale yale, nikatia alama ya vyema kwenye mstari wa tisa. Kikao kilipoitwa kuuliza kosa limetokea wapi, nilikuwa nimekaa karibu na dirisha, nikijifanya naandika, na shangazi akasema, "Sahihi ya mwisho ni yangu," ambayo ni kweli, na kikao kikafungwa. Nilienda naye shule ishirini na tisa bila kumwambia.

Nilimwambia Alhamisi tarehe 28 Septemba 2023, siku ambayo alishindwa kusimama tukabaki nyumbani, na nilikuwa nimejiandaa kwa lolote isipokuwa alichosema, maana alisema, "Najua. Kile kidogo kilikuwa kwenye mkoba wangu sikukuu nzima, mimi ndiye sikukichaji." Kisha akanitazama ninavyolia, akaongeza, "Wewe chukua nusu ya chungwa na mimi nusu, na usile yangu." Nilimuuliza kwa nini hakuniambia mapema, akasema alikuwa akisubiri nihesabu polepole.

Hali yake ilizidi kuwa dhaifu baada ya mwaka mpya, akafika shule yake ya mwisho, ya arobaini na tatu, tarehe 1 Februari 2024, akiwa amekaa kwenye kiti muda wote na mimi nikiingiza kadi, na alilazwa tarehe 12 Februari. Aliaga dunia Alhamisi tarehe 14 Machi, saa tisa na dakika arobaini alasiri, mumewe akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne, miezi saba na siku tano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne na wa chumba cha kusafishia damu, ambao walikubali kubadilisha ratiba yao kwa ajili ya Alhamisi zake bila kuelewa vizuri ni za nini, majirani ambao tangu juzi hawajaturuhusu kugusa sufuria, walimu wakuu waliotupokea, na wafanyakazi wenzetu wa ofisini, pamoja na mkurugenzi, aliyemuuliza mjomba fundi redio kama ile sauti iondolewe kwenye masomo, naye akajibu, "Iacheni, mimi ndiye niliyeshika blanketi."

Shule zimebaki nne. Baba mkubwa amesema hilo si la kusomwa msibani, lakini shangazi angelitaka lisomwe, kwa hiyo nalisoma: Alhamisi hii, tarehe 21, nitakwenda ya arobaini na nne, na nitasimama mbele ya watoto niseme kwamba walihesabu sita na walikuwa sahihi, na kwamba aliyetia alama bila kuangalia ni mimi, nusu yangu nimeichukua.

Shangazi, umechoka, pumzika sasa kwa amani. Kile kidogo nimekichaji.