Kesho Msinivalishe Sare

Sogeeni wanangu, na wewe mwanangu dereva, zima hiyo simu, maana sauti yangu siku hizi haifiki hata mlangoni, na nitakayosema sitayarudia.

Miaka saba jeshini nilibeba mgongoni pipa la dawa ya kuua magugu, nikinyunyizia kambi nzima bila hata kitambaa puani, na sumu hiyo, wanasema madaktari, ndiyo iliyonizalia huu ugonjwa wa kutetemeka, Pakinson. Jeshi limekubali hilo na fidia ya ulemavu nalipwa. Walichokataa ni posho ya mtu wa kunihudumia kila siku, na mkosaji si wao, ni mimi baba yenu.

Siku ya kupimwa, mwaka juzi, nilimwamuru dada yenu aninyoe ndevu na kunifunga vifungo vyote vya sare, nikameza vidonge vya asubuhi na vya mchana kwa mpigo ili mkono utulie, nikaingia kwa daktari na saluti. Lo, saluti safi! Akauliza, mzee, unakula mwenyewe, unavaa mwenyewe? Nikamjibu, mimi askari, bwana. Akaandika: anajimudu. Tuliporudi dawa ikaisha nguvu, nikaganda mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje, dada yenu akanibeba kama gunia.

Majivuno yangu yamemponza yeye. Ameuza cherehani yake, wateja wamekuja kuchukua vitambaa vyao havijakatwa, naye ananilisha, ananigeuza, ananisafisha, mimi baba yake mzazi, jamani, na aibu hiyo tunaimeza wote wawili. Nawe dereva ulisimama hapa hapa ukamwambia anakula pensheni yangu! Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwombe radhi sasa hivi, nikisikia. Usiinamishe kichwa tu, sema.

Haya. Umesema, nimesikia, yameisha.

Sasa shikeni neno. Daktari wa jeshi anakuja kesho saa nne kunipima upya, humu chumbani. Msininyoe. Sare ibaki sandukuni. Vidonge nipeni kwa saa yake, visizidi wala visipungue, sitaki kudanganya mara ya pili. Uji niletewe mbele yake, ukimwagika uacheni umwagike. Na nikianza tena habari za mimi askari, dada yenu anizibe mdomo, ajibu yeye. Posho ikitoka ni yake, mtu asiidai. Nikifa, nyumba mtagawana, ila chumba cha mbele ni chake, aweke cherehani nyingine.

Mungu awape riziki, awape... subirini, nimeze mate... awape mikono iliyotulia mpaka uzeeni. Na mkihitaji kushikwa, mseme. Msiwe kama mimi.

Basi, nimechoka. Wengine tokeni. Wewe mama, binti yangu, baki. Huu upande umekufa ganzi. Leo siamuru... naomba. Nigeuze.