Karatasi ya Tatu: Maisha ya Mzee Taisto Ilmari Kemppainen, Mtazamaji wa Mabeki

Familia imeombwa iseme maneno machache ya upole kabla jeneza halijatoka kanisani. Yatakuwa ya upole pale upole unapostahili. Yanasomwa na binti yake, Merja, na yamepitiwa neno kwa neno na mjane wake, Sirkka, ambaye amefuta mawili tu, yote mawili matusi.

Marehemu Taisto Ilmari alizaliwa Jumapili, tarehe 9 Februari 1947, kijijini Hiidenvaara, akiwa mtoto wa nne kati ya saba wa mkata miti Eino Kemppainen na mkewe Hilja. Alijifunza kuteleza kwenye bwawa lililoganda nyuma ya nyumba, kwa viatu vya kaka yake vilivyojazwa magazeti vidoleni. Kwa kuwa alikuwa mdogo kuliko wenzake, walimsimamisha nyuma kabisa, mahali ambapo hakuna aliyetaka kucheza. Huko nyuma ndiko alikoanza kutazama.

Alisoma shule ya kijiji kuanzia mwaka 1954 hadi 1960. Mwalimu wake aliandika kwenye cheti kwamba mtoto huyu ana akili ila macho yake yako dirishani. Baadaye alisomea ufundi wa mitambo mjini Korpisalmi, akamaliza mwaka 1964, na mwaka uliofuata akaajiriwa katika kiwanda cha karatasi, mashine namba mbili. Hapo alikaa miaka thelathini na tisa bila kuchelewa zamu hata mara moja. Jioni alicheza hoki ya barafu, beki wa kushoto wa Kotkat, klabu ya mji wetu, mpaka Machi 1971 goti lake lilipovunjika pembeni mwa uwanja.

Goti hilo ndilo lililomleta Sirkka Moilanen, aliyekuwa akifanya kazi katika jiko la hospitali. Kwa wiki tano alimpelekea kahawa kitandani, na kwa wiki tano mgonjwa alilalamika. Siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani alimwita, akakohoa, akasema, "Kahawa yako nyepesi. Baiskeli unaiendesha kama unafukuzwa. Na huo mwimbo wako wa asubuhi unaukosea kila siku palepale. Sasa, tunaoana lini?"

Sirkka alicheka mpaka trei ikamponyoka. "Wewe mwanamume, hivyo ndivyo watu wanavyoposa huko kwenu?"

"Ningekuwa sikutaki ningesema kahawa ni nzuri," alijibu.

Walifunga ndoa siku ya Juhannus, sikukuu ya katikati ya kiangazi, tarehe 24 Juni 1972, mvua ikinyesha. Walijaliwa watoto wawili, Merja na Vesa. Watoto hao walikua wakijua jambo ambalo wageni walichelewa kulijua, kwamba baba yao hakuweza kusifu kitu kwa mdomo wake. Merja alipohitimu sekondari na kuvaa kofia nyeupe, baba alimtazama kwa muda mrefu, kisha akasema kofia imekaa upande. Akatoka nje kwenda kupasua kuni, na alipasua hadi jua likakaribia kuzama, ambalo mwezi wa Juni halina haraka.

Mwaka 1976 Kotkat walimpa kazi ya kuwatazama vijana na kuandika nani achukuliwe, hasa mabeki. Kwa miaka arobaini na moja alizunguka mkoa mzima kwa gari lake, na chupa ya kahawa nyepesi kando. Hakukaa katikati ambako watu hukaa. Alisimama kwenye kona, nyuma ya kioo, kwa sababu beki hujulikana pale pembeni, anapokwenda kuchukua kile kisahani cheusi cha mchezo huku mtu wa kilo tisini anakuja mgongoni mwake. Wakati wa kupasha mwili moto alifumba macho asikilize vyuma vya viatu vikikata barafu. Alisema mwenye haraka husikika, na mwenye woga pia. Aliandika kwa penseli, maana kalamu ya wino huganda, na chini ya kila karatasi aliweka kaboni ili nakala ibaki nyumbani.

Na aliandika vile alivyoposa. Kijana asiyefaa alipata mistari miwili ya adabu: ana bidii, ana familia nzuri. Huyo ndiyo basi, hachukuliwi. Kijana aliyemgusa moyo alipata karatasi tatu, mbili za kwanza zikiwa kasoro tupu, moja baada ya nyingine, kila moja na dawa yake, na ya tatu ikiwa hukumu. Kila kocha wa Korpisalmi alijua hivyo. Akipokea ripoti, kitu cha kwanza alipima unene wake kwa vidole, na ikiwa nene alitabasamu kabla ya kusoma.

Mwaka 2017 klabu ilileta mkurugenzi mpya wa michezo kutoka kusini. Jina lake halitaandikwa kwenye karatasi hii. Yupo hapa leo, safu ya nne, na anajijua.

Desemba ya mwaka huo marehemu alikwenda mara sita kumtazama Niilo Härkönen, beki wa miaka kumi na sita, kijijini kilomita themanini kutoka hapa. Mara sita, barabara ikiwa kioo kitupu, goti likimuuma hadi anapanda gari kwa kushikilia mlango. Merja ndiye aliyeendesha mara mbili za mwisho. Njiani kurudi marehemu alimkosoa kijana huyo kilomita zote themanini, akakosoa na gia za Merja, na Merja akajua baba yake amefurahi kuliko alivyofurahi kwa miaka.

Ripoti ilipelekwa tarehe 20 Desemba. Mwezi wa Januari mkurugenzi alimwita Niilo na mama yake, Päivi, ofisini, akawaambia kijana hachukuliwi, akawasomea karatasi ya kwanza kwa sauti. Mzito kugeuka kwa upande wa kushoto. Gongo refu kwa sentimita tatu. Anarudi nyuma mapema mno na kumwachia mshambuliaji nafasi ya kupanga chakula cha jioni. Kasoro kumi na nne alimsomea mtoto usoni, mbele ya mama yake, kisha akawageuzia karatasi hiyohiyo wajionee sahihi, maana marehemu alitia sahihi kila karatasi. "Si mimi ninayesema," aliwaambia. "Ni Kemppainen, na Kemppainen hakosei." Gazeti la mji nalo lilipouliza, likapewa jibu hilohilo.

Marehemu alizisoma habari hizo kwenye kibanda cha soseji pale uwanjani. Hakumaliza soseji yake. Alikwenda moja kwa moja ofisini, Merja nyuma yake, na yaliyosemwa humo Merja aliyasikia kwa masikio yake.

"Karatasi ya tatu iko wapi?" aliuliza.

"Mzee Taisto, karibu, keti. Nani siku hizi anasoma karatasi tatu? Ya kwanza ilinitosha. Kasoro kumi na nne, mzee wangu!"

"Mtu asiyefaa simwandikii kasoro kumi na nne. Simpotezei penseli. Hukumuuliza hata kocha mmoja?"

"Sasa mimi ningejuaje? Si uandike kama watu wengine, uzuri juu, ubaya chini."

"Sawa, kosa langu hilo. Sasa mpigie kijana simu umwambie hukusoma."

"Orodha imeshatoka. Nikiibadilisha leo wataniona sijui kazi."

"Kwani unaijua?"

Mkurugenzi alicheka, akamshika bega, akamwambia atalishughulikia. Neno hilo alilirudia kwa miaka saba. Nitalishughulikia, mzee. Klabu nzima ikajua kilichotokea, mwenyekiti akajua, makocha wakajua, na wote wakanyamaza kwa sababu jina la Kemppainen lilikuwa kivuli kizuri cha kujifichia. Inaudhi, na familia haioni haya kusema inaudhi. Mtoto wa watu alivunjwa moyo kwa uvivu wa mtu mmoja kugeuza karatasi, kisha mzigo ukabebeshwa mzee ambaye kosa lake lilikuwa kuandika kirefu.

Marehemu aliacha kazi ya utazamaji juma hilohilo. Alikwenda kwa akina Härkönen peke yake. Päivi alifungua mlango nusu.

"Umefuata nini tena, mzee? Ulichoandika hakijatosha?"

"Kuna karatasi hamkusomewa."

"Basi itoe."

Hakuitoa. Nakala ilikuwa mfukoni mwa koti, lakini mwaka 1976 alikuwa ametia sahihi kwamba kila ripoti ni mali ya klabu na haitaonyeshwa kwa mtu mwingine. Alikuwa mtu wa aina hiyo. Alisema ni klabu inayopaswa kuileta, na kwamba ataisukuma mpaka iilete. Wala mdomo wake, uliokuwa huru kabisa kusema "wewe ni hodari," haukusema. Päivi akafunga mlango. Niilo aliuza viatu vyake vya kuteleza kabla theluji haijayeyuka.

Sirkka ameomba na hili lisomwe, maana hapendi marehemu asafishwe kupita kiasi. Jioni ile alimwambia mumewe, "Sahihi, sahihi! Mtoto analia, wewe unalinda makaratasi. Ungemsifia kwa neno moja tu, Taisto. Ulimi ungekatika?" Kila Januari iliyofuata marehemu alikwenda klabuni kuulizia karatasi ya tatu, na kila Januari alirudi akiwa mfupi kidogo.

Septemba 2024 madaktari walimkuta na saratani ya kongosho. Alilazwa hospitali ya mkoa baada ya Krismasi. Mpaka wiki ya mwisho alikuwa akimkosoa muuguzi kijana aliyesukuma kitanda chake, kwamba anapinda kona kwa mguu mmoja tu, na muuguzi huyo, aliyekwisha kuelezwa na Vesa maana yake, alitoka chumbani akifuta macho. Jumanne, tarehe 21 Januari 2025, Sirkka alimlowesha midomo kwa kijiko cha kahawa. Marehemu alifumbua macho, akamtazama, akasema, "Bado nyepesi." Ilikuwa saa nne kasorobo asubuhi. Ndilo lilikuwa neno lake la mwisho, akafariki.

Siku tatu baadaye Merja alifungua kabati la chumba cha kubadilishia nguo cha sauna, akakuta nakala za miaka arobaini na moja zimefungwa kwa kamba za kiwandani, na juu kabisa, peke yake, ile ya Desemba 2017. Marehemu alitia sahihi. Merja hakutia sahihi popote. Alimpigia simu Niilo Härkönen, ambaye sasa ana miaka ishirini na mitatu na ni fundi umeme.

"Nije kumzika mtu aliyenizika?" Niilo aliuliza.

"Njoo usikie tu. Usiponiamini, ondoka kabla ya kahawa."

Amekuja. Basi hii hapa, neno kwa neno, mbele ya jeneza la aliyeiandika, miaka saba baada ya siku ilipopaswa kusomwa:

"Yote niliyoandika kwenye karatasi mbili za juu yanarekebishika kwa miaka miwili na kocha mvumilivu. Gongo likatwe kesho. Kisichofundishika kijana anacho. Kabla ya kufika pembeni kuchukua kisahani anatazama nyuma mara mbili. Wote hutazama mara moja, kumwona adui. Huyu mara ya pili anamtafuta mwenzake. Kwa hiyo hupigwa na kuanguka, lakini pasi imeshatoka na imefika. Nimeona hivyo mara kumi na tisa katika mechi sita. Katika miaka yote hii nimewaona watatu wa namna hiyo, naye ndiye bora kati yao. Asiachwe. Nikiwa nimekosea, msinitume tena mahali popote. T. Kemppainen."

Marehemu ameacha mjane, Sirkka, watoto, Merja na Vesa, mkwe, Outi, wajukuu watatu, Onni, Lyydia na Veikka, na dada yake wa mwisho, Kerttu wa Hiidenvaara. Ameacha pia beki mmoja.

Klabu imemtuma mkurugenzi wake alete shada lenye utepe, na kwa desturi yetu anayeliweka husoma utepe kwa sauti mbele ya wote. Umeandikwa "Kwa macho yaliyotuonyesha njia." Familia haimzuii mtu yeyote. Akiweza kuyasoma maneno hayo baada ya haya, na asogee mbele.

Wachukuzi wa jeneza ni sita. Mbele kulia ni Vesa. Mbele kushoto, upande aliocheza marehemu, palikuwa wazi kwenye ratiba iliyochapishwa, kwa sababu hatukujua kama tutapata jibu. Leo asubuhi mlangoni Niilo Härkönen alisoma nakala hiyo akiwa amesimama kwenye theluji. Aliikunja, akauliza achukue upande upi.

Mzee wetu amelala. Tumwache alale kwa amani. Karatasi yake imesomwa yote.